Marko 5 kabla ya kupanda mimbarani: njia nne za kuichambua na ipi ikufae

Marko sura ya 5 humpa mhubiri zaidi ya anavyoweza kubeba. Katika mistari 43 yumo mtu wa makaburini aliyekata minyororo, kundi la nguruwe wapatao 2,000 lililotumbukia baharini, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na binti wa Yairo aliyeinuliwa kitandani akiwa amekufa. Kuisoma kwa sauti bila haraka ni kama dakika sita. Kuihubiri ndiko kunakoleta shida: wengi huishia kusimulia upya kile ambacho waumini wamekisikia sasa hivi, au hunyofoa mstari mmoja na kuhubiri jambo walilokuwa nalo kichwani tangu Jumatatu.

Ziko njia nne ambazo wahubiri hutumia kujiandaa: kukaa na sura yenyewe, kuilinganisha na Injili Ndugu (Mathayo na Luka, zinazosimulia habari zile zile), kufungua vitabu vya ufafanuzi, na kuisoma pamoja na watu. Kila moja hutoa kitu ambacho nyingine haitoi, na kila moja ina namna yake ya kumpotosha mtu. Tuzipime zote kwa sura hii moja.

Kwanza mipaka. Marko hakuandika kwa sura. Mgawanyo huu unatokana na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ni kazi ya mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Vichwa vidogo vya habari vimetiwa na wachapaji wa Biblia unayoishika. Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, anza kusoma 4:35, dhoruba ilipovuma, na umalizie 6:6, Nazareti. Utaona mara moja kwamba wanafunzi wanauliza mwishoni mwa sura ya 4, “Ni nani huyu?”, na wa kwanza kutamka jibu, mistari michache baadaye, ni mtu mwenye pepo: Mwana wa Mungu aliye juu. Anayeanzia 5:1 hupoteza hilo kabisa. Anayeishia 5:43 hukosa kuona kwamba baada ya imani ya mwanamke asiye na jina, Yesu anafika kwao na kustaajabia kutoamini kwao.

Njia ya kwanza: kukaa na sura yenyewe

Vifaa vyake ni Biblia mbili za Kiswahili zisizofanana lugha, kwa mfano Union Version ya 1952 na Biblia Habari Njema, karatasi nne au tano za A4, na kalamu za rangi tatu. Nakili sura yote kwa mkono au ichapishe bila namba wala vichwa. Kunakili kunachosha, lakini mkono hulazimisha jicho kuona maneno ambayo limezoea kuyaruka. Tenga masaa matatu hadi manne, na usiyamalize kwa kikao kimoja.

Soma kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza piga mstari kila mahali panapobadilika: ufukoni, makaburini, mlimani, mjini na mashambani, ng'ambo tena, njiani katikati ya mkutano, nyumbani kwa Yairo, chumbani alimolala mtoto. Utaona nafasi ikizidi kufinywa, kutoka ufuko wazi hadi chumba chenye wazazi wawili na wanafunzi watatu. Mara ya pili tia rangi maneno yanayorudiarudia. Mara ya tatu andika maswali pembeni bila kuyajibu.

Hapo kwenye marudio ndipo sura hii inapofunguka. Fuata neno “kusihi”. Pepo wanamsihi Yesu asiwatoe nchi ile (m. 10), wanamsihi awaruhusu waingie nguruwe (m. 12), wenyeji wanamsihi aondoke mipakani mwao (m. 17), aliyepona anamsihi akae pamoja naye (m. 18), na Yairo anamsihi sana kwa ajili ya bintiye (m. 23). Sasa jiulize nani alikubaliwa. Pepo waliruhusiwa kuingia nguruwe. Wenyeji walikubaliwa, akaondoka. Yairo alikubaliwa, akafuatana naye. Aliyenyimwa ni mmoja tu, na ndiye mwenye ombi zuri kuliko wote: aliyeponywa na kutaka kumfuata. Alirudishwa kwao akawasimulie. Mahubiri kamili kuhusu maombi yasiyojibiwa tulivyotaka yamo humo, na hayahitaji kitabu cha pili.

Fuata hofu nayo. Wenyeji wanamkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, ndipo wanaogopa. Alipokuwa akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe walikuwa wamemzoea. Mwanamke anakuja akiogopa na kutetemeka. Yairo anaambiwa, “Usiogope, amini tu.” Tia pia rangi kuanguka: mtu wa makaburini, mkuu wa sinagogi na mwanamke maskini, wote watatu wanajikuta chini mbele ya Yesu.

Kisha angalia mpangilio. Habari ya Yairo inaanza, inakatwa na ya mwanamke, halafu inarudi. Marko hupenda kufanya hivi: jamaa zake Yesu na waandishi katika sura ya 3, mtini na hekalu katika sura ya 11, Petro uani na Yesu mbele ya baraza katika sura ya 14. Habari ya katikati huwa ndiyo ufunguo wa ile inayoizunguka. Hapa mwanamke anaitwa “Binti” katika mstari wa 34, na kabla Yesu hajamaliza kusema, wajumbe wanafika: “Binti yako” amekufa. Kwa macho ya Yairo, ule ucheleweshaji ndio uliomuua mtoto. Anaambiwa aamini akiwa amesimama karibu na mtu aliyetoka kuambiwa kwamba imani yake imemponya. Miaka 12 ya ugonjwa na miaka 12 ya uhai wa mtoto inawekwa ubavuni kwa ubavuni, na umri wa mtoto unatajwa mwishoni kabisa, baada ya kuinuka.

Malizia kwa sentensi mbili: Marko anasema nini hapa, na anataka msikilizaji afanye au aamini nini. Zikikushinda kuandika kwa maneno yasiyozidi 25 kila moja, hujamaliza, hata kama karatasi zimejaa rangi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kimya cha andiko hujazwa na mawazo ya msomaji. Namba 12 ndiyo mtego mkubwa: mtu anaruka hadi makabila 12 na mitume 12, na mwanamke anageuka kuwa Israeli mgonjwa. Marko mwenyewe hafungi fundo hilo. Pili, msomaji asiyejua sheria ya Walawi haoni kwa nini mwanamke alikuja kwa kificho. Kwa hilo usikimbilie kitabu cha ufafanuzi bado. Fuata rejea za pembeni za Biblia yako, au itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo) kama unayo. Walawi 15:25-27 inaeleza unajisi wa mwenye kutokwa damu na wa anayegusa malazi yake, Hesabu 19:11-16 inataja maiti na kaburi, Walawi 11:7 inamtaja nguruwe. Yesu katika sura hii anapita katikati ya vyote: makaburi, nguruwe, damu, maiti. Kila mara uzima ndio unaovuka kwenda upande wa pili, na unajisi haumpati.

Njia ya pili: kuweka Injili Ndugu sambamba

Hii hutaka karatasi moja iliyolazwa na mistari miwili ya wima ili upate safu tatu. Safu ya kwanza Marko 5; ya pili Mathayo 8:28-34 na 9:18-26; ya tatu Luka 8:26-56. Masaa mawili yanatosha. Jambo la kwanza litakaloonekana ni urefu: Marko mistari 43, Luka 31, Mathayo 16. Wataalamu wengi wanaona Marko aliandika kwanza na wenzake wakamtumia. Hata kama hukubaliani, tofauti ziko mezani na zinafundisha.

| | Marko | Mathayo | Luka |
|---|---|---|---|
| Wenye pepo | mmoja | wawili | mmoja |
| Nguruwe | wapata 2,000 | wengi, bila idadi | wengi, bila idadi |
| Ombi la aliyepona kufuatana na Yesu | lipo | halipo | lipo |
| Jina la Yairo | lipo | halipo | lipo |
| Binti baba alipofika | yu karibu kufa | amekwisha kufa | yu karibu kufa |
| Umri wa binti | mwishoni | hautajwi | mwanzoni, tena ni mwana wa pekee |
| Matabibu | walimtesa, mali ikaisha, hali ikazidi kuwa mbaya | hawatajwi | hakuna aliyeweza kumponya |
| Alichogusa | vazi | pindo la vazi | pindo la vazi |
| Kupona kwake kunapotajwa | papo alipogusa | baada ya Yesu kusema naye | papo alipogusa |

Jedwali hili lina thamani kwa swali moja tu: Marko anataka nini ambacho wenzake hawakukihitaji? Mathayo anaanza binti akiwa amekufa, kwa hiyo kwake hakuna mateso ya kungoja njiani. Marko ndiye anayetaka tumwone Yairo akisimama, akisukumwa na umati, huku Yesu akiuliza nani aliyemgusa. Luka anaweka umri na upekee wa binti mwanzoni ili tumhurumie baba mapema. Marko anauficha hadi mwisho. Marko peke yake anataja idadi ya nguruwe, na ndiye anayehifadhi maneno ya Kiaramu yaliyosemwa kando ya kitanda. Ukihubiri Marko, hubiri hayo.

Na hapa ndipo njia ya pili inapoharibika: mhubiri anachanganya safu tatu na kupata Injili ya tano ambayo hakuna mwinjili aliyeiandika. Mfano unaosikika sana ni mahubiri ya “pindo” kutoka Marko 5, yenye maelezo marefu ya vishada vya Hesabu 15:38. Fungua tena: katika Marko 5 aligusa vazi tu. Marko analitaja pindo baadaye, 6:56, kwa wagonjwa wengine. Kama moyo wako uko kwenye vishada, badilisha somo uhubiri Mathayo 9 au Luka 8, hakuna aliyekukataza.

Kosa la pili ni kupeleka mimbarani kila tofauti uliyoiona. Mwenye pepo mmoja au wawili, Gerasa au Gadara, hayo ni maswali halali, ila dakika kumi za kuyasuluhisha hula mahubiri na kuwaachia watu shaka ambayo hawakuja nayo. Jua jibu. Hati za kale zinatofautiana kuhusu jina la mahali: Gerasa, Gadara au Gergesa. Gerasa, ndiyo Jerash ya leo nchini Yordani, iko zaidi ya kilomita 50 kutoka ziwani, na Gadara kama kilomita 10, hivyo wanakili waliona ugumu na wakajaribu kuurekebisha. Akikuuliza mtu baada ya ibada, mwambie.

Njia ya tatu: vitabu vya ufafanuzi

Ni njia ya haraka kuliko zote na ndiyo inayoanzwa mapema mno. Dakika 60 hadi 90 zinatosha, tena ziwe mwishoni. Ukianza nayo, macho yako yatatafuta yale tu mwandishi aliyoyaona, na watu watasikia mahubiri ya mtu wa nchi nyingine akijibu maswali ya watu wengine.

Ila kuna mambo ambayo bila vitabu huyapati. Kwamba legioni ilikuwa kikosi cha Kirumi cha askari kama 5,000, hivyo jina “Legioni” alilojiita mwenye pepo (m. 9) lilinuka jeshi la wakoloni kwa wasikilizaji wa kwanza. Kwamba Dekapoli (m. 20) ilikuwa eneo la miji ya utamaduni wa Kiyunani, ndiyo maana nguruwe walifugwa kwa maelfu. Kwamba katika Kiyunani mistari ya 25 hadi 27 ni sentensi moja ndefu: kutokwa damu, kuteswa, kugharimika, kutofaidika, kuzidiwa, kusikia, kuja, yote yanarundikwa moja juu ya jingine kabla ya kufika kwenye kitenzi kikuu, “akagusa”. Hilo la mwisho linafaa hata kwa namna ya kusoma mbele ya watu: usipumzike sana kati ya mambo hayo, waache wasikilizaji wachoke pamoja naye.

Vingine ni vitamu lakini vya kuacha chini. Legioni ya Kumi, Fretensis, iliyokuwa miongoni mwa majeshi yaliyouzingira Yerusalemu mwaka 70, ilitumia nguruwe mwitu kama nembo yake, na wapo wanaoona Marko anapiga vijembe. Huenda. Ukitia mimbarani, ndilo pekee watakalokumbuka hadi Jumatano.

Vitabu vya bure mtandaoni vingi ni vya karne ya 18 na 19, vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Vinafaa kwa ibada, lakini kwa mambo ya hati na akiolojia tafuta cha karibuni zaidi. Kwa asiye na kompyuta, STEP Bible inafunguka kwenye simu bila malipo na inaonyesha neno la Kiyunani chini ya kila neno. Programu zinazokutungia mahubiri mazima kwa sekunde chache zina dosari ile ile ya kuanza na kitabu, na juu yake huweza kukupa rejea isiyokuwepo; hakiki kila mstari kwa kidole.

Njia ya nne: kusoma na watu

Katika jumuiya ndogondogo wengi wanaijua kama Hatua Saba, utaratibu uliotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuokota maneno na kuyarudia, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili jambo la kutenda, kusali. Saa moja, Biblia na watu sita hadi kumi. Haikuambii Marko alimaanisha nini, na hapo isitumike kama mwamuzi. Inakuambia watu wanasikia nini. Waliouza shamba kwa ajili ya matibabu watasimama kwenye mstari wa 26, wa matabibu na mali iliyoisha, bila kuambiwa. Mwenye ndugu mgonjwa wa akili ataanzia kwenye minyororo. Usipeleke ushuhuda wa mtu mimbarani bila ruhusa yake, hata ukificha jina, maana jumuiya ni ndogo na watu hujuana.

Uchague ipi

Mwenye wiki nzima aende kwa mpangilio: njia ya kwanza Jumatatu na Jumanne, jumuiya katikati ya wiki inapokutana, ya pili Jumatano, vitabu Alhamisi, kuandika Ijumaa, na Jumamosi kupunguza. Ukikuta Jumamosi unaongeza, umekosea mahali.

Mwenye masaa matatu tu achukue 21-43, aache nusu ya kwanza ya sura, atumie saa moja na nusu kwa njia ya kwanza, nusu saa kwa jedwali hapo juu, na saa iliyobaki kuandika. Vitabu aviache rafuni. Akilazimika kuchagua njia moja pekee maishani, ni ya kwanza. Kuliko kutumia ile ya tatu peke yake, ni afadhali Injili isomwe tu, kisha watu waende nyumbani.

Kwa padre au katekista anayefuata kalenda ya masomo: 21-43 husomwa Jumapili ya 13 ya Mwaka B, na inayofuata ni tarehe 27 Juni 2027. Kitabu cha masomo kinaruhusu somo fupi linalomtoa mwanamke na kubakiza Yairo peke yake. Usilitumie. Ukimwondoa yeye, “amini tu” inabaki bila mfano, na ucheleweshaji wote wa habari umetoweka. Papa Fransisko alishauri mwaka 2024 kwamba homilia, yaani mahubiri ya Misa, isizidi dakika 8. Basi fupisha homilia, somo liache refu. Habari ya Legioni katika Marko huja siku ya kawaida, Jumatatu ya juma la 4 la Kipindi cha Kawaida, kwa hiyo anayetaka kuihubiri Jumapili mbele ya watu wengi itambidi ajipangie mwenyewe nafasi.

Kwa mfululizo wa mahubiri, gawa mara mbili: 1-20, kisha 21-43. Kugawa mara tatu, Yairo wiki hii na mwanamke wiki ijayo, kunakata kile kile Marko alichokishona. Na anayetaka sura nzima katika mahubiri ya dakika 35 ashike uzi mmoja, kusihi au hofu, na akubali kuacha mengine yote, hata yale yaliyomgharimu usiku mzima.

Jambo moja halitegemei njia uliyochagua. Mstari wa 26 unapohubiriwa, kuna watu kanisani wanaomeza dawa za presha, kisukari au za kupunguza makali ya VVU. Marko anaeleza alivyoteseka mwanamke mmoja. Hakuna mahali Yesu anapomlaumu kwa kwenda kwa matabibu, na kwa binti wa Yairo amri yake ya mwisho ni apewe chakula. Sema wazi, kwa sentensi kamili, kwamba dawa ziendelee. Iandike kwenye muhtasari wako, kwa sababu ukiiacha kwenye kumbukumbu utaisahau sauti ikishapanda.